SOMO: SANDUKU LA RANGI ZA WATOTO MBELE YA FORODHA



Katika viwanda vya madaftari, penseli na rangi husikika mara nyingi neno hili: "Mali ya nje inaingia kwa bei rahisi, na jirani ndiye anayeipitisha." Huenda neno hilo ni kweli, huenda si kweli. Lakini asiyejua namna forodha inavyoipa mali namba yake hawezi kupambanua. Ndiyo maana leo tunachukua kitu kidogo ambacho wazazi wengi wamekiona dukani: sanduku la kuchorea la watoto. Tuseme ndani yake mna vidonge 12 vya rangi za maji, brashi 2, krayoni 8 na kitabu cha kupaka rangi. Sanduku hili limetoka ng'ambo na limefika bandarini. Ofisa wa forodha ataliita nini?

Kwa nini namba ina uzito

Mali zote za biashara ya dunia zimepangwa katika mafungu yenye namba. Mkataba wa mpango huo ulifanywa Brussels mwaka 1983, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu sita za kwanza ni zile zile kila mahali mpango huu unapotumika. Kiwango cha ushuru ndicho kinachoamuliwa na nchi zenyewe.

Kenya, Tanzania na Uganda zilianza Umoja wa Forodha tarehe 1 Januari 2005. Rwanda na Burundi ziliingia Julai 2009. Ushuru wa pamoja dhidi ya mali za nje uliwekwa katika ngazi tatu: asilimia 0 hasa kwa malighafi na mitambo, 10 kwa vitu vilivyotengenezwa nusu, na 25 kwa mali iliyokamilika. Tangu Julai 2022 kuna ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa baadhi ya mali, kama vile samani na bidhaa za ngozi. Mali chache, kama sukari na mchele, zina viwango vyake vya pekee.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Shehena ina thamani ya shilingi 1,000,000, pamoja na nauli na bima. Ikiangukia fungu la asilimia 10, ushuru ni shilingi 100,000. Ikiangukia fungu la asilimia 25, ni shilingi 250,000. Mali ni ile ile. Namba imebadilika tu. Tofauti hiyo ya shilingi 150,000 yaweza kumwangukia mzazi dukani, au yaweza kuwa nafuu isiyo halali kwa mshindani wa kiwanda chenu.

Kanuni ya kwanza: soma maneno ya fungu

Wengi watasema, "Ni kitu cha mtoto, basi ni kitu cha kuchezea," yaani fungu 95.03. Sivyo. Maelezo rasmi ya mpango huu yanaziondoa katika fungu hilo rangi za watoto (32.13), udongo wa kufinyangia wa watoto (34.07), vitabu vya watoto vya kuchora na kupaka rangi (49.03), na krayoni (96.09). Forodha hutazama kwanza kitu chenyewe ni nini, si umri wa mwenye kukitumia.

Kama sanduku lingekuwa na rangi, brashi na kibao cha kuchanganyia tu, kazi ingekuwa imekwisha. Fungu 32.13 lenyewe linapokea seti za rangi pamoja na brashi zake.

Kanuni ya pili: je, ni seti?

Sanduku letu lina pia krayoni na kitabu. Hapo ofisa huuliza mambo matatu. Je, vitu ni vya mafungu mbalimbali? Je, vimewekwa pamoja kwa kazi moja? Je, vimefungwa tayari kuuzwa kwa mnunuzi bila kufunguliwa na kufungwa upya? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, hiyo ni seti, nayo hupewa namba moja: namba ya kitu kinachoipa seti sifa yake kuu. Ili kukijua kitu hicho hupimwa wingi, uzito, thamani, na kazi ya kila kitu katika seti.

Maelezo rasmi yanatoa mfano ulio karibu na wetu: mkoba wa plastiki wenye rula, bikari, kikokotozi cha duara, penseli na kichongeo. Seti hiyo yote huwekwa katika fungu 90.17, la vyombo vya kuchorea na kupimia. Penseli na kichongeo hufuata wakubwa wao.

Basi, katika sanduku letu, rangi za maji zikizidi kwa wingi na thamani, namba ni 32.13. Krayoni zikiwa ndizo nyingi na ghali, namba ni 96.09. Ikiwa rangi na krayoni zinalingana kabisa hata haiwezekani kuamua, huchukuliwa fungu la mwisho kwa hesabu, yaani 96.09.

Jirani anahusikaje?

Tangu mwaka 2014 Jumuiya imekuwa ikitumia utaratibu wa eneo moja la forodha. Mali ya Uganda au Rwanda inayoshuka Mombasa au Dar es Salaam hukadiriwa na kulipiwa ushuru wa nchi inakokwenda kabla ya kuondoka bandarini. Lori kupita mpakani bila kulipa hapo si ushahidi wa magendo.

Lakini yako mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, nchi mwanachama yaweza kuruhusiwa kutumia kiwango chake kwa muda. Ruhusa hizo hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Pili, mali iliyotengenezwa katika nchi mwanachama huingia kwa jirani bila ushuru ikiwa na cheti cha asili. Kupakia tu rangi za ng'ambo katika maboksi mapya hakuzipi asili ya Afrika Mashariki. Mfanyakazi wa upande wa pili anayetengeneza rangi kwa jasho lake ni mwenzetu. Anayebadilisha boksi na kudai cheti anawaumiza wafanyakazi wa pande zote mbili.

Njia ya kufuata

Mwagizaji aweza kuiomba forodha uamuzi wa namba kabla ya kuleta mali. Anayeguswa moja kwa moja na uamuzi ana siku 30 za kumwomba Kamishna aufikirie upya. Asiporidhika, ana siku 45 za kukata rufaa mbele ya baraza la rufaa za kodi. Tawi lenye malalamiko lisiende mikono mitupu kwa mwajiri au kwa ofisa: lipeleke sanduku lenyewe, orodha ya vilivyomo, uzito wake na bei yake.

Maswali ya kuzungumza tawini

1. Kiwanda chetu kinatengeneza nini, na kipo fungu gani?
2. Malighafi yetu inalipa asilimia ngapi?
3. Mali inayoshindana nasi inaingia kwa namba gani? Nani anaweza kutuonyesha?