Kanuni Hii Inatumia Ruhusa za Nani?

Saa mbili usiku, mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani anafungua tiketi: "AC ya 214 inavuja maji, mgeni analalamika." Mfumo ukiwa umepangwa vizuri, hana haja ya kumpigia mtu simu. Kanuni ya kiotomatiki inasoma neno AC na kuipeleka tiketi kwa mafundi wa matengenezo. Inaifanya ya dharura kwa kuwa mgeni ametajwa, kisha inamjibu mhudumu kwamba fundi ameshajulishwa. Ndiyo raha ya programu za kusimamia tiketi kama GLPI na Jira Service Management. Sasa itokee usiku mwingine tiketi ya aina ileile ilale kwenye foleni mpaka asubuhi. Mtu wa ICT anaifungua kanuni, anaikuta imewashwa na maneno yake hayajaguswa. Hapo aache kuichambua kanuni, aende kwenye ruhusa.

Kanuni haifanyi kazi bila jina. Katika Jira kila kanuni ina mtendaji wake, kwa mfano akaunti ya mfumo wenyewe wa kanuni au ya mtu aliyechaguliwa. Mtendaji huyo asiporuhusiwa kumpa fundi tiketi kwenye foleni ya matengenezo, kanuni itaanza vizuri na kukwama hapo. GLPI ina utaratibu mwingine: kanuni za tiketi hutekelezwa na seva yenyewe pale tiketi inapoingia au kubadilishwa, na wasifu wa aliyeifungua hauzizuii. Kwa hiyo usihamishe mazoea ya programu moja kwenda nyingine. Kwenye Jira uliza mtendaji anaruhusiwa nini. Kwenye GLPI uliza ni nani anayeruhusiwa kuandika kanuni, maana huyo anaweza kuzihamisha tiketi zote ambazo kanuni zake zinazifikia, hata zile ambazo kwa kawaida hapaswi kuzigusa.

Kabla ya kurekebisha lolote, fungua jedwali moja. Andika jina la kanuni, akaunti inayotumika, sehemu za tiketi ambazo kanuni inazisoma, inachobadilisha, na wanaoweza kuihariri. Wengi wakishajaza safu ya akaunti huona wamemaliza. Mimi naiogopa zaidi safu ya tatu, ile ya sehemu zinazosomwa, na nitaeleza kwa nini.

Tuseme hoteli hiyohiyo ina kanuni ya kutoa ruhusa za kuingia kwenye mfumo wa malipo. Kanuni inasema: ikiwa tiketi ni ombi la ruhusa, na sehemu ya Idhini imeandikwa "Imekubaliwa", muongeze mwombaji kwenye kundi la wahasibu. Ili iweze kumuongeza mtu kwenye kundi, kanuni imepewa akaunti yenye nguvu. Ila sehemu ya Idhini iliachwa wazi, na yeyote anayefungua tiketi anaweza kuijaza. Kibarua wa wiki ya kwanza akijiandikia "Imekubaliwa", kanuni inamtii. Hakuiba nenosiri la mtu, na kumbukumbu zitaonyesha kazi imefanywa na akaunti halali. Anayeweza kuandika mahali ambapo kanuni inapaamini ameshapata ruhusa za kanuni hiyo, hata kama wasifu wake unamwonyesha kuwa mtumiaji wa chini kabisa.

Kosa hili ni la zamani kuliko programu hizi zote. Mwaka 1988 Norm Hardy wa Marekani aliandika juu ya programu ya kutafsiri msimbo iliyoruhusiwa kuandika kwenye saraka moja ya mfumo ili ihifadhi takwimu zake. Mtumiaji aliweza kutaja jina la faili la kupokea matokeo, na mmoja akataja faili la ankara lililokuwa kwenye saraka hiyohiyo. Mtumiaji mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo. Programu ilikuwa nayo, ikaandika juu yake, na hesabu za malipo zikapotea.

Tiba iko kwenye programu zenyewe. GLPI na Jira zote zina hatua ya idhini inayojitegemea, ambayo mwidhinishaji aliyetajwa ndiye huijibu. Itumie hiyo, uachane na sehemu ya kujazwa kwa mkono. Pasipowezekana, ongeza sharti: kanuni isitazame tu neno lililoandikwa, itazame pia aliyeliandika. Jira inakuruhusu kuuliza kama aliyesababisha tukio yumo kwenye kundi fulani. Kuliweka sharti hilo hakuchukui muda mrefu.

Angalia pia kanuni zinazoamshana. Jira kwa kawaida hairuhusu kitendo cha kanuni moja kuamsha nyingine mpaka uweke alama kwenye kisanduku chake, na wengi huweka alama hiyo ili tu mambo yaende. Fuata mnyororo mpaka mwisho. Kanuni ya kwanza inabadilisha aina ya tiketi kwa kusoma kichwa chake, ya pili inaona aina mpya na kutenda kwa akaunti kubwa. Kwa njia hiyo maneno ya kichwa, ambayo yeyote anaweza kuyaandika, yanafika mpaka kwenye akaunti hiyo.

Siri nazo zina njia yao ya kuvuja. Ruhusa hulinda tiketi ikiwa ndani ya mfumo. Kanuni inayotuma barua pepe hutoa maneno nje, na ruhusa hazitoki nayo. Mfanyakazi akieleza kwenye foleni ya siri ya rasilimali watu kwamba makato ya mshahara wake yamekosewa, ataje ugonjwa wake na majina ya watoto wake, halafu kanuni ipeleke nakala kwa wasimamizi wote, siri imeshatoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya, ndoa na familia kuwa nyeti. Inataka pia uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujulikana. Iwe ni hotelini Diani au hospitalini Msambweni, barua za kanuni zibebe namba ya tiketi na kiungo tu. Mwenye ruhusa atafungua asome. Kanuni inapoandika maoni, hakikisha umechagua kama ni ya ndani au ya kumfikia mwombaji.

Pwani hii inajua watu kuondoka kwa mkupuo. Masika hoteli hupunguza vibarua, na Desemba 2024 kampuni ya madini ya Base Titanium ilisitisha uchimbaji wake Kwale. Kanuni zilizofungwa kwenye akaunti ya mtu husimama siku akaunti yake inapofungwa. Tena Jira, kanuni inapoanza kushindwa, inaweza kumwandikia mwenye kanuni barua pepe, na mwenye kanuni ndiye huyo aliyeondoka. Fungua akaunti za kazi zisizo za mtu: moja ya matengenezo, nyingine ya rasilimali watu, kila moja na ruhusa za foleni yake peke yake. Tahadhari za makosa ziende kwenye sanduku la idara. Mtu anapoaga, hamisha kwanza umiliki wa kanuni zake, ndipo ufunge akaunti.

Kujaribu kanuni kwa akaunti ya msimamizi mkuu hakukuonyeshi kitu, kwani kwake kila mlango uko wazi. Tengeneza akaunti ya majaribio yenye wasifu wa mhudumu wa mapokezi na ufungue tiketi ya AC kama afanyavyo yeye. Kisha fungua ombi la ruhusa na ujaribu kuliidhinisha mwenyewe. Soma kumbukumbu za utekelezaji mstari kwa mstari, pamoja na ile inayosema kanuni ilianza bila kutenda chochote. Rudia jaribio hili kabla ya wageni wa Desemba kuanza kuingia, ungali na nafasi ya kurekebisha bila mtu kukusimamia kichwani.