Somo la Familia: Tusifiche Ndoa Zetu Mpakani

Mistari ya kusoma: Mwanzo 12:10–20, 1 Wakorintho 7:3–5, Mithali 12:22



Mama mmoja wa kanisa letu hapa Nyarugusu alitujia na shida. Mume wake aliondoka kambini mwaka 2016 kwenda Marekani pamoja na wazazi wake, akiwa bado hajaoa. Mwaka 2022 alirudi Tanzania, tukawafungisha ndoa, naye akarudi kazini na kumwombea mkewe viza ya uhamiaji. Tangu hapo wanasubiri. Sasa mama alitaka kwenda kumtembelea mumewe kwa miezi miwili tu. Mtu mmoja mjini akamwambia, "Andika hujaolewa, utapata haraka." Akatuuliza: je, ni dhambi?

1. Kutamani kuonana si kosa

Mtume Paulo anawafundisha mume na mke wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana, tena kwa muda. Hakuna mkristo anayepaswa kumcheka mama huyu au kumwambia avumilie tu. Mke na mume kuonana ni haja ya kweli ya ndoa.

2. Ibrahimu naye alifika mpakani

Njaa ilipozidi Kanaani, Abramu alikimbilia Misri. Alipokaribia, aliogopa, akamwomba Sarai aseme kwamba ni dada yake. Matokeo yake tunayajua: Sarai alichukuliwa akapelekwa nyumbani kwa Farao, na kama Mungu asingeingilia kati, asingerudi. Uongo uliotungwa ili kuwaokoa ndio uliotaka kuwatenganisha. Mwisho wake walisindikizwa watoke nchini kwa aibu.

3. Sheria inasemaje?

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 inamhesabu kila anayeomba viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba atarudi. Afisa hutazama kazi, nyumba na mali. Sisi tunaohitaji kibali hata kwa kutoka kambini tuna kidogo cha kumwonyesha. Na mwenye mume kule, aliyekwisha kuombewa uhamiaji, huonekana zaidi kwamba hatarudi.

Kuomba siyo kosa. Ukisema kweli ukakataliwa kwa sababu hiyo, ombi lako la uhamiaji halifi. Unapoteza ada, ambayo tangu Juni 2023 ni dola 185 na hairudishwi. Lakini fomu inauliza waziwazi: umeolewa? Una mume Marekani? Kuna mtu amewahi kukuombea uhamiaji? Majibu yamo tayari katika faili la mumeo. Anayegunduliwa amedanganya anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote, asipopata msamaha maalum. Basi kwa ajili ya miezi miwili mtu anaweza kupoteza miaka yote.

Tena sheria hubadilika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Juni 2025 ikazuia viza za matembezi na za uhamiaji kwa raia wengi wa Burundi. Kabla ya kulipa chochote, waulizeni watoa msaada wa sheria, si madalali.

4. Aje yule mwenye njia

Mara nyingi ni rahisi zaidi aliyeko ng'ambo aje huku. Mambo ya kuzingatia:

(a) Ikiwa bado si raia, aombe hati ya kusafiria ya mkimbizi kabla hajaondoka Marekani. Hati hiyo hudumu mwaka mmoja. Arudi kabla haijaisha.

(b) Asivuke kwenda Kongo kusalimia ukoo. Mkimbizi akirudi nchi aliyoikimbia, anaweza kuulizwa kama kweli alikuwa na hofu.

(c) Aombe viza ya Tanzania na kibali cha kuingia kambini mapema. Au mke aombe kibali cha kutoka.

(d) Tunzeni tiketi na picha. Zitasaidia kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli.

(e) Mkimbizi anaweza kuomba uraia wa Marekani baada ya miaka 5 tangu alipofika. Akishakuwa raia, mke wake hangoji tena foleni yenye idadi maalum ya kila mwaka. Wengi wamechelewa kwa kutojua hili.

5. Na sisi kanisa?

Mama yule alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mchungaji, hii miaka ni mingi." Hatukuwa na jibu. Tuliomba pamoja naye. Wiki iliyofuata alizungumza na mumewe kwa simu, wakaanza kuweka akiba ya tiketi ya mume. Fomu ile hakuijaza.

Tusiwaache wanaosubiri wakae peke yao. Akina mama wamtembelee, tumsaidie kulima bustani, watoto wake wasikose wa kuwashika mkono. Na yeyote atakayemsengenya kwamba ameachwa, aonywe.

Maswali ya kujadili

1. Abramu aliogopa nini? Sisi tunaogopa nini tunapojaza fomu?
2. Ni nani katika kundi letu anayemsubiri mwenzi wake? Tutamfanyia nini mwezi huu?

Tuombe: Bwana, utupe midomo ya kweli, na uwakutanishe waliotengana. Amina.