Mdogo Wangu, Ukurasa Wako Umekufunga

Njoo karibu, mdogo wangu, nikugombeze kidogo. Kuposti siasa si dhambi. Nchi ni yako na kura ni yako. Kinachonitia wasiwasi ni vile ulivyobadilika.

Najua ilivyoanza, wala si wewe peke yako. Wakati wa uchaguzi wa Kenya wa 2022 uliandika neno kali kuhusu upande wa pili, laiki zikamiminika. Kesho yake ukaongeza ukali, maana la upole halikutazamwa na mtu. Muda si muda, watu wasiojua hata kwenu ni wapi wakakupa jina: huyu ni wa Azimio ya Raila Odinga, yule ni hasla wa William Ruto. Nawe ukalivaa. Sasa jambo likitokea hujiulizi wewe unalionaje, unawaza wafuasi wako wanangoja useme nini. Mara ngapi umeandika "kwa hili nawapongeza", kidole kikasita, ukafuta yote usije ukaitwa msaliti? Hapo ndipo unaponiuma, mdogo wangu. Unaogopa watu usiowajua kuliko unavyoiheshimu akili yako.

Na hao wanasiasa unaowapigania hawajifungi hivyo. Tarehe 9 Machi 2018, baada ya miezi ya matusi na ya watu kuzikwa, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na mpinzani wake Raila Odinga walipeana mikono pale Harambee House. Machi 2025 Raila akatia saini makubaliano na William Ruto, yule yule aliyeshindana naye 2022. Kupatana ni jambo jema, siwalaumu. Wahenga walishasema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wewe jembe uliliacha nyumbani. Ulimtukana binamu yako mbele za watu, ukambloku, na skrinishoti bado zinazunguka kwenye kikundi cha ukoo. Wakubwa walipopatana, nani alikuja kuwapatanisha ninyi?

Sikwambii unyamaze. Juni 2024 vijana walipoupinga Mswada wa Fedha mitandaoni na barabarani, walisema wazi hawana chama wala kabila. Walizungumza kodi, walizungumza bei ya mkate, na Rais Ruto akakataa kuutia saini. Zungumza jambo namna hiyo, nawe utabaki na nafasi ya kubadili mawazo bila aibu.

Halafu mfungulie binamu yako. Mpigie leo jioni, usitume ujumbe, asikie sauti yako. Yale maneno mwombe radhi kwa kuyataja, kisha muulize yule mtoto wake aliyezaliwa mkiwa hamsemezani wanamwitaje.