KUONGEZA CHUMBA KISICHOINGIA BARIDI

Wenyeji wa Kinangop, Limuru na Molo wanaijua vema baridi ya mwezi wa Julai. Usiku ukiwa mkali, wako watu waingizao jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha yote. Desturi hiyo ni ya hatari kubwa, kwa maana makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala isiyo na harufu, na waliolala huweza kufa bila kuamka. Kinga iliyo bora ni ukuta unaohifadhi joto. Kwa hiyo mtu anayetaka kuongeza chumba, pengine kwa ajili ya mama yake mzee au watoto wachanga, na afikiri habari ya ukuta kabla ya kununua tofali la kwanza.

Ukuta wa matofali mazito ya saruji ni imara, lakini joto hupita ndani yake upesi. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo sana. Hiyo ndiyo siri ya blanketi: nyuzi zake hushika hewa, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisitoroke. Fundi hutumia siri hiyo anapojenga kuta mbili zilizo sambamba na kuacha nafasi katikati. Nafasi hiyo pia huzuia maji ya mvua yaliyopenya ukuta wa nje yasifike ndani.

Msingi uchimbwe mpaka kwenye udongo mgumu, nao uwe mpana wa kutosha kuchukua kuta zote mbili. Udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi uondolewe. Inchi 6 juu ya ardhi, kila ukuta utandikwe karatasi ya lami au ya plastiki nzito, ili unyevu usipande.

Baadaye kuta zipandishwe pamoja, zikiachana inchi 2. Mwenye uwezo aweza kutia katikati mbao za povu jeupe, mfano wa lile ambalo redio na televisheni hufungiwa katika masanduku. Mbao hizo zishikamane na ukuta wa ndani bila mianya, na nafasi ya inchi 2 ibaki wazi upande wa nje. Basi kuta ziachane zaidi kwa kadiri ya unene wa mbao.

Kuta mbili zisizofungwa pamoja ni dhaifu. Zifungwe kwa vyuma vilivyopakwa zinki visiingie kutu, kila sentimita 90 kwa urefu na kila sentimita 45 kwa kimo, na kwa karibu zaidi kando ya milango na madirisha. Kila chuma kiinamie nje kidogo, ili maji yasitiririke kuelekea ndani. Chokaa ya saruji ikianguka na kukaa juu ya vyuma hivyo, hugeuka daraja la maji. Fundi mwangalifu huweka ubao mwembamba katika nafasi ile, akauinua kila mara na kuusafisha. Chini ya ukuta wa nje viachwe vitundu vya kutokea maji. Kwa siku moja ukuta usipandishwe zaidi ya futi 5, na timazi itumike kila mstari.

Penye kiungo na nyumba ya zamani ndipo wengi hukosea. Nyumba ya zamani imekwisha kutulia, bali chumba kipya bado kitashuka kidogo. Kuta zikishikanishwa kwa nguvu, ufa hutokea. Yafaa kuacha mwanya mwembamba uliojazwa kitu kinachonyumbuka, na kutia vyuma vinavyoruhusu ukuta mpya kushuka. Karatasi ya kuzuia unyevu isimamishwe hapo pia.

Gharama ihesabiwe mapema. Ukuta wa urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.4 una mita za mraba 9.6. Matofali yenye uso wa sentimita 40 kwa 20, pamoja na chokaa ya viungo, huhitajiwa 120 kwa ukuta mmoja, yaani 240 kwa kuta mbili, na vyuma kama 24. Asiyekuwa na fedha za yote ni heri ajenge chumba kidogo kilicho kizuri.

Hata hivyo ukuta mzuri chini ya bati tupu ni kazi bure, kwa kuwa joto hupanda. Dari ni lazima. Tena matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe kamwe. Chumba kilichojengwa hivyo hushika joto la watu waliomo, na jiko la makaa hubaki nje mahali pake.