Kuwafunza Watoto Kuimba

Jua, ewe msomaji, ya kwamba somo la muziki katika shule ya msingi makusudio yake ni kumfunza mtoto kusikia. Lakini wengi wetu hudhani makusudio ni kupata kwaya ya kushinda mashindano. Basi mwalimu huwachagua wachache wenye sauti nzuri, na waliobaki huambiwa wanyamaze. Hao waliobaki ndio wengi, nao hutoka shuleni wakiitakidi kuwa hawakupewa sikio. Hii ni dhulma, na dawa yake ipo.

Hukumu ya ala za muziki ina mahali pake, wala siyo tuizungumzayo leo. Twazungumza njia ya kufundisha, tena kwa sauti ya mtoto mwenyewe.

Katika nchi ya Hungaria alikuwako mtungaji wa muziki, Zoltán Kodály, aliyezaliwa mwaka 1882 akafa mwaka 1967. Tangu mwaka 1905 alizunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima, na mwenziwe Béla Bartók akashirikiana naye. Mwaka 1950, katika mji wa Kecskemét alikozaliwa, ilifunguliwa shule ya msingi ambayo watoto wake waliimba kila siku, kama wasomavyo hesabu. Misingi ya mafundisho yake ni hii:

Kwanza, sauti kabla ya ala. Koo halinunuliwi, tajiri na maskini wako sawa.

Pili, sikio kabla ya jicho. Mtoto huimba mpaka wimbo umkae, ndipo aonyeshwe alama zake. Na mtoto wa chuoni je? Huipokea herufi kinywani mwa mwalimu wake kabla hajaweza kuiandika.

Tatu, do, re, mi hufunzwa kwa ishara za mkono, kila sauti na ishara yake. Ishara hizo asili yake ni kwa John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19, ambaye do, re, mi yake ilifika hata katika shule zetu kwa mikono ya wamisionari.

Nne, nyimbo za lugha ya mama kabla ya za kigeni. Kila lugha ina mkazo wake: Kihungaria hukaza silabi ya kwanza, Kiswahili hukaza ya pili kutoka mwisho. Ukiyatia maneno yetu katika sauti ya kigeni, mkazo huhama na maana huharibika. Tazama neno "barabara": ukikaza hapa ni njia, ukikaza pale ni sawasawa.

Huenda mwalimu akasema: "Darasa langu lina watoto sitini, wala sina kinanda." Jawabu ni kwamba njia hii haikuhitaji kinanda. Anza kwa sauti mbili tu, so na mi, na dakika kumi kila siku, kwani kidogo cha kila siku hushinda kingi cha mara moja kwa juma. Na asiyeipata sauti, mketishe kando ya aliyeipata, usimnyamazishe.

Mwaka 2016 UNESCO iliiandika njia hii miongoni mwa mifano myema ya kuhifadhi urithi. Sisi nasi tuna nyimbo za watoto za mwambao na za bara, na wanaozijua wanapungua. Basi, enyi walimu, zikusanyeni kwa wazee wangali hai, na mzifunze kwa watoto wote.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.