Kufundisha Urushaji wa Ndege Ndogo kwa Mitambo Miwili

Anayejifunza kurusha ndege ndogo inayoongozwa kwa redio hukosea upesi kuliko anavyoweza kuelezwa kosa lake. Ndege ikiwa mita 30 tu juu ya ardhi, hakuna nafasi ya kupokezana mtambo mkononi. Kwa hiyo mtambo wa mwalimu na wa mwanafunzi huunganishwa kwa waya.

Wa mwalimu peke yake ndio unaopeleka mawimbi hewani. Ule wa mwanafunzi hupitisha wayani mapigo ya umeme: kila usukani una pigo lake, la milisekunde 1 hadi 2, na 1.5 ndiyo katikati. Mwalimu akibana swichi, mapigo ya mwanafunzi huiongoza ndege. Akiiachia, uongozi humrudia papo hapo.

Hatari imo katika kupokezana huko. Iwapo katikati ya mitambo hailingani, ndege yaweza kuinamisha pua ghafla, na mwanafunzi hajagusa kitu! Basi kabla ya kuruka, injini ikiwa imezimwa, swichi hubanwa na kuachiwa mara kadhaa. Sukani za mkia na mabawa zisitikisike. Kisha mwanafunzi husukuma kila kijiti, mwalimu akitazama kama usukani waelekea upande upasao. Kasoro ikionekana, hurekebishwa mtambo wa mwanafunzi, si wa mwalimu, ambao umekwisha kulinganishwa na ndege.