Nani alifika kwanza? Somo juu ya udongo, kumbukumbu na hadithi tulizorithi



Somo la toleo hili limetokana na kikao tulichofanya Masako, kwenye barabara ya zamani ya Buta, kilomita kama 15 kutoka Kisangani mjini. Tulikwenda kuzungumza juu ya mashamba. Familia zilizokimbia mapigano ya Lubunga, ng'ambo ya mto, zilikuwa zinaomba mahali pa kupanda mihogo na karanga kabla mvua hazijakolea, na baadhi ya wenyeji walikuwa wamekataa. Mzee mmoja alisimama akasema: "Babu wa babu yangu alizaliwa hapa. Hawa ni wakuja. Mtu wa kuja haombi udongo, anaomba maji ya kunywa." Watu wakacheka.

Mama mmoja kati ya waliohama hakucheka. Alijibu kwa heshima: "Baba, maneno hayo ni yangu. Nilimwambia jirani yangu hivyo hivyo kule kwetu, siku chache kabla nyumba hazijachomwa. Na yeye alikuwa ananiambia vilevile."

Hatutaji kabila la mama huyo, na tumefanya hivyo makusudi. Jibu lake lingeweza kutoka upande wowote.

Tunapozungumza juu ya hadithi za kisiasa hatumaanishi uongo mtupu. Mara nyingi hadithi ya namna hii ina kipande cha ukweli ndani yake. Inarudiwa mpaka hakuna anayeuliza tena, na kazi yake ni kumpa mmoja haki na kumnyima mwingine. "Sisi ndio wa kwanza" ni hadithi ya namna hiyo. Kabla ya kuijadili, inafaa tuangalie nyingine iliyo nyuma yake, ambayo wengi wetu hatuioni.

Hadithi ya pori tupu

Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya mfalme Leopold wa Pili iliandika kwamba ardhi isiyo na watu ni mali ya Serikali. Neno ni fupi, lakini tujiulize: ardhi isiyo na watu ni ipi? Kwa macho ya Bula Matari, ni ile isiyo na nyumba wala mazao yanayoonekana. Sasa kila mkulima wa Tshopo anajua kwamba shamba la mihogo hulimwa miaka miwili au mitatu, kisha huachwa lipumzike miaka mingi. Miti inarudi, nyama wanarudi, na mgeni akipita anasema: hapa ni pori. Mwenyewe anajua ni shamba la mama yake. Hapa Masako wazee walituonyesha michikichi mizee na miti ya safu katikati ya msitu. Safu haijipangi yenyewe kwenye mistari. Palikuwa kijiji.

Kwa hiyo karatasi ile ya 1885 haikukuta ardhi tupu. Iliitangaza kuwa tupu. Tangu hapo serikali zimebadilika, jina la nchi limebadilika zaidi ya mara moja, lakini wazo limebaki. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali peke yake. Ilitambua pia kwamba kuna ardhi inayokaliwa na jamii za wenyeji, na ikaahidi kwamba Rais atatoa ordonansi ya kueleza haki zao. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila ordonansi hiyo. Katika muda wote huo mkulima alikuwa na desturi mkononi, na mwenye pesa alikuwa na karatasi. Ukosefu wa usawa tunaouona leo kati yao haukuletwa na jirani wa kabila lingine.

Nani aliandika mipaka?

Wazee wanapotuambia "mpaka wetu ni mto ule", tunawauliza kwa upole: nani aliuandika? Kabla ya Wabelgiji, watu walihama kufuata samaki, chumvi, ndoa, au kukimbia vita. Dekreti ya 1910 iliweka kila mwafrika chini ya chifu aliyetambuliwa na ofisi ya mkoloni. Ile ya 1933 ilikusanya vikundi vidogo katika sekta, watu ambao pengine hawakuwahi kuwa na mkubwa mmoja. Vijiji vilisogezwa kando ya barabara ili iwe rahisi kuhesabu watu na kuwatoza kodi. Kwa hiyo kijiji ambacho leo kinasema "sisi ni wa hapa tangu zamani" kinaweza kuwa kilisimamishwa hapo na msimamizi mzungu, na jirani yake pia. Hatusemi desturi ni ya uongo. Tunasema ramani tunayopigania ni changa kuliko wazee wanavyoisimulia.

Tukiri pia kosa letu. Sisi wa mashirika tunakuja na fomu zenye mstari wa "kabila" na "asili", tunagawa turubai na sabuni kwa orodha hizo, halafu tunashangaa watu wakijipanga kwa kabila.

Jambo hili si la Kongo tu. Marekani, nchi tunayoisikia kila siku kwenye redio, ina hadithi yake kwamba kila mtu alipata kwa jasho lake. Lakini mwaka 1862 sheria yao iliruhusu familia kupewa eka 160 za ardhi ya serikali, na ardhi hiyo ilikuwa ya Wahindi Wekundu kabla ya kuitwa tupu. Watu Weusi waliotoka utumwani waliahidiwa na jenerali Sherman, Januari 1865, vipande vya hadi eka 40 kwenye pwani ya kusini. Kabla mwaka huo haujaisha Rais Andrew Johnson aliamuru ardhi irudishwe kwa mabwana wa zamani. Vizazi vilivyofuata viliona tajiri na maskini, wakaambiwa huyu ana bidii, yule mvivu. Ahadi iliyovunjwa haikutajwa, na huko kusini sanamu zikajengwa kuwasifu waliopigana kulinda utumwa.

Lubunga

Sasa turudi kwetu. Februari 2023, katika komini ya Lubunga, ugomvi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka juu ya ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo. Mapigano yakaenea mpaka teritwari za Opala na Ubundu. Mamia waliuawa, vijiji vikachomwa, makumi ya maelfu wakahama, wengi wao wakavuka mto kuja kulala kambini na kwenye viwanja vya makanisa mjini. Kila upande ulisema: sisi wa kwanza.

Katika vikao vyetu tumesikia swali hilo mara nyingi, nani wa kwanza. Mengine tumeyasikia mara chache sana. Uchunguzi unaotakiwa na sheria kabla ya kutoa ardhi ulifanyika wapi, na nani alisikilizwa? Wanawake wanaolima waliitwa? Nani alitia sahihi, na kijiji kilipata nini? Haya ndiyo maswali ya udongo. Lile la kwanza linawafanya maskini wawili wapigane, na maswali haya yanabaki mezani bila mtu.

Pale Masako tuliwaomba watu wachore mto chini kwa kijiti, kisha kila familia iweke jiwe pale bibi wa bibi alipozaliwa. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Mawe yalitapakaa kote. Wengine walitaja mpira wa Leopold, wengine barabara, wengine ndoa, wengine mwaka 1964. Yule mzee aliweka jiwe lake mbali kuliko alivyosema mwanzoni, kwa sababu dada yake mkubwa alimsahihisha mbele ya watu. Kisha mwingine akakumbuka Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya Kisangani: watu wa mji walikuja kwa miguu mpaka hapa, wakalala kwenye vibanda vya mashambani, na hakuna aliyeulizwa kabila.

Mwishoni chifu wa kijiji alikubali mashamba yaliyopumzika yaazimwe kwa msimu mmoja. Karatasi iliandikwa, majina ya waazimaji na wenye mashamba, mashahidi wawili kila upande, mihogo haimo kwa sababu inakaa ardhini muda mrefu. Karanga na mahindi tu. Yule mama alipata kipande karibu na kijito. Mzee hakutoa shamba lake, lakini alikuwa mmoja wa mashahidi. Suala la mihogo tutalirudia baada ya mavuno, na viongozi wa kambi wanaombwa kuleta majina ya wanaotaka kushiriki, wanawake wakiwa nusu.